Kitambaa Chekundu cha Mama Yake Yorgo

Mama yangu,

Nakubusu mkono kutoka huku mlimani kwa Wagiriki. Goti limetulia? Dada Zaina kashajifungua? Mimi mwili mzima, moyo ndio sina. Fundi wa chuo cha Kurani akikusomea, asome polepole, nimeandika mbio.

Unamkumbuka Yorgo, yule baharia aliyekula wali wa nazi kwako Mahajanga mpaka ukamwita mwanangu? Amekufa, mama. Homa ilimshika njiani, tukamzika baharini. Nahodha akanipa mimi sanduku lake nilipeleke kwao, kwa kuwa Kigiriki nimekiokota jikoni melini. Bandarini polisi akaigeuzageuza pasi yangu ya safari, nchi yetu iliyopata uhuru juzi hajaisikia. Nikapanda mlima. Nyumba za mawe tupu, na bahari yote unaiona chini.

Mama yake akalikumbatia sanduku. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikafanya kama kwetu. Kijana kama mimi hampelekei mzazi habari ya kifo, anatafuta mtu mzima atangulie. Nikasema, "Kwanza namtaka padri."

Jirani yake, bibi mmoja mcheshi, akapiga makofi. "Umesikia? Sanduku limetangulia, padri anatafutwa. Mwanao anakuja kuoa, mwenzangu!"

Kumbe Yorgo ana mchumba hapa hapa. Wakacheka, wakanishindilia mikate, na mimi nikala bila kuwasahihisha. Padri mwenyewe alikuwa kashuka kijiji cha pwani. Kisha theluji ikaanguka, kama barafu ya kwenye samaki lakini inamwagika toka mbinguni, njia ikafungika.

Leo asubuhi mama yule katoka na kitambaa chekundu kichwani. Nikamwambia, "Umependeza." Akaona haya kama msichana. Jirani akaninong'oneza, "Tangu mumewe afe hajavua nyeusi. Kaivua kwa ajili ya harusi." Mimi nilidhani nyeusi ni nguo tu, kama buibui lako.

Sasa anapaka chokaa ukuta, anaimba. Kila meli ikipita chini ananiita, "Ni ile?" Nasema sijui.

Ungekuwa wewe, mama, ungetaka nikwambie leo, au nikuachie kitambaa chako mpaka padri apande? Najua jibu lako haliwezi kuniwahi. Njia ikifunguka, barua hii itashuka na padri atapanda.

Msalimie dada, na babu mshona kofia, na shangazi wa Andoany. Mimi msiniombee. Mwombeeni huyu mama.

Mwanao Madi, ninayelala kitandani kwa Yorgo.