Jezi Namba Thelathini na Moja

Muleba, 8 Februari 2009

Mdogo wangu Asumpta,

Hujambo mama? Wagonjwa wako na manesi wenzako hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila goti la mama linalia kila mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua imehamia kwetu moja kwa moja. Barua yako ya Krismasi tumemsomea mara tatu. Simu anasema inakatika kabla hajakusikia vizuri, barua haikatiki. Ndiyo maana nakuandikia.

Kata yetu imepata uwanja mpya wa mpira, nami nimependekeza uitwe jina la marehemu baba. Watu wote walikubali isipokuwa katibu wa kamati, yule Zephania wa karibu na mashine ya kukoboa kahawa. Alisimama akasema, "Mwalimu Josaphat alitufundisha mpira, sikatai. Lakini hilo la kuchezea timu ya chuo Kanada, nani alishuhudia?" Nikaenda kuitoa jezi ya baba sandukuni, namba 31. Akaijaribu mbele ya kadamnasi, akauliza kama Kanada wanavalisha ng'ombe dume, maana mabega yalimpwaya. Watu wakacheka, Asumpta. Walimcheka baba yetu, na hasira hiyo bado ninayo.

Baba alisema kila mwaka chuo kilichapa kitabu kikubwa chenye picha za wanafunzi na timu zao. Wewe uko Toronto, na chuo kiko hapohapo. Nenda ukatafute kati ya 1966 na 1968, uniletee picha. Uwanja unafunguliwa Nane Nane.

Ni mimi kaka yako,
Leonce

Toronto, 15 Machi 2009

Kaka Leonce,

Shikamoo. Mama, shikamoo nawe, najua unasikiliza. Pole na goti. Mimi mzima, nimechoka tu na baridi isiyojua kuaga.

Nimeshakwenda chuoni mara nne. Siku zangu za mapumziko natoka hapa Flemingdon Park, nabadilisha basi mara mbili, na moyo hautulii hata nikikaa. Maktabani nimempata Mmeru mmoja wa Kenya anaitwa Nkirote, ndiye mtunza vitabu vya zamani. Vimejaza rafu nzima, kuanzia 1921. Nilitaka miaka ya baba tu, lakini nikavutwa. Mwaka 1931 timu ilifungwa michezo yote, na wanafunzi wakaandika hivyo hivyo bila aibu. Mwaka 1943 picha ina vijana tisa, na chini kuna majina mengine yenye misalaba midogo, ya waliokufa vitani. Nilikaa na ukurasa huo mpaka nikasahau basi langu.

Baba sasa. Siku tatu nilipekua picha za soka, uso kwa uso. Hayumo. Nikaanza kuogopa. Nkirote akaniuliza jezi yenyewe ikoje, nikamsimulia yale mabega. Akacheka mpaka akaketi. "Dadangu, hiyo si ya soka! Hiyo ni ya wale wa kuvaa helmeti, wenye mpira kama yai. Huko ndani ya mabega wanaweka pedi. Wewe umekuwa ukitafuta kwa nyumba ya jirani!"

Kaka, mpira wenyewe unabebwa mkononi na watu wanaangushana. Sisi tulidhani Wakanada wa zamani walikuwa majitu! Basi naanza upya na timu hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Asumpta

Muleba, 9 Aprili 2009

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi za wodini zinakwendaje? Mama anakusalimu na anauliza kama unakula ndizi.

Mpira uwe duara, uwe yai, mimi shida yangu ni picha. Baba akiwa katikati ya wachezaji wenzake, inatosha. Paroko nimeshamwambia aje kuubariki uwanja. Fundi wa kibao ameshaanza, ameandika herufi tatu akasimama kungoja rangi. Zephania kila akipita hapa anasema njia ya mwongo ni fupi, tena anaiambia barabara kana kwamba sipo. Fanya haraka, nakuomba.

Kaka yako,
Leonce

Toronto, 10 Mei 2009

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Barua hii isome peke yako kwanza, tafadhali. Nimeiandika mara nne nikaichana.

Nimempata. Picha ni hii hapa, kitabu cha 1967. Wachezaji wamejipanga mistari mitatu. Tazama mwisho wa mstari wa chini, kijana mwembamba mwenye koti. Hajavaa jezi, amezibeba, zimemfika kidevuni. Jina lake limeandikwa kamili, na kazi yake: mtunza vifaa. Kaka, baba hakucheza. Alikuwa anafua jezi zao.

Kitabu cha 1968 kina aya yake nzima. Wanasema walizikuta jezi zao safi kila mchezo, zimekunjwa namba juu, na hakuna aliyeruhusiwa kujichukulia. Josaphat alimwita mtu kwa jina, akampa kwa mikono miwili. Aliyechelewa alingoja, awe nahodha au nani. Alipomaliza masomo wakampa namba 31, ambayo mwaka ule haikuwa na mchezaji.

Sasa kumbuka Jumamosi zetu. Baba na beseni, jezi za timu ya shule, wanawake wakipita wanacheka, mama akimsihi aache, na yeye anazigeuza ndani nje na kuzianika kivulini. Halafu Jumapili anaita jina mojamoja. Sisi tulisema ni ukali wa mwalimu. Kumbe ndiyo kazi aliyoijua.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, na sababu ni hii. Mimi si nesi huku, kaka. Vyeti vyangu havikukubaliwa, mtihani wao nimeanguka mara mbili, na mwaka wa tano sasa nafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, ghorofa ya chini. Wagonjwa niliokuwa nawaandikia ni habari za kuambiwa na wenzangu. Nilianza kwa kutokanusha tu, kama baba labda, na baadaye nikakosa pa kurudia. Sitaki kuzeeka hivi. Nimewaambia.

Mdogo wako,
Asumpta

Toronto, 12 Julai 2009

Kaka Leonce,

Shikamoo. Mama hajambo?

Miezi miwili sasa. Nashuka kwenye sanduku la barua asubuhi na jioni, utadhani posta ya huku inapita mara mbili. Nikipiga simu, wanao wananiambia uko shamba. Shamba gani hilo lisilo na mwisho? Kazini jana nilikunja rundo zima vibaya, ikabidi nilirudie. Kama mmeamua kuninyamazia, niambieni basi, nijue.

Asumpta

Muleba, 16 Agosti 2009

Mdogo wangu Asumpta,

Hujambo mama? Sisi wazima. Goti la mama limepoa kidogo.

Nisamehe. Shamba halikuwepo. Barua yako niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo wiki sita. Ukweli, lako liliniuma kuliko la baba, maana hakuna harusi niliyokaa bila kumtaja dada yangu nesi wa Kanada. Nikasema nitalimaliza la baba kwanza. Nikaipeleka picha kwa mpiga picha pale stendi, aikate kibaki kichwa tu. Alishashika mkasi akauliza, "Hii mikono aliyobebea je, nayo niitupe?" Nikamnyang'anya picha nikaondoka.

Nikamsomea mama barua yote, pamoja na habari zako za mwishoni. Akauliza, "Hilo tu?" Kumbe baba alimwambia kabla ya posa, ili ajue anaolewa na nani. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia sisi. Akasema, "Mlikuwa mnajivuna vizuri, nikawaacha." Halafu akasema mficha uchi hazai, na hapo nilijua hasemi habari za baba.

Picha nikaiweka nzima mbele ya kamati, nikaeleza kila kitu. Zephania aliishika muda mrefu. Nilijiandaa kwa maneno yake ya barabarani. Akasema, "Namba nne. Mwaka sabini na tisa. Nilikuwa sina hata kandambili, na alinipa kwa mikono miwili." Basi, akatoka nje.

Uwanja haukupewa jina la baba. Wengi walipiga kura uitwe jina la kata, na kibao hakikuharibika kwa sababu zile herufi tatu zilikuwa U, W, A. Lakini Jumamosi kabla ya Nane Nane nilifua jezi zote mwenyewe, wanawake wakacheka kama zamani. Siku ya mchezo nilizishika mimi, na Zephania akaita majina. Wazee waliochezea timu ya baba walisimama nyuma ya vijana kwenye mstari, nao wakitaka kuitwa. Tuliwaita wote. Nililia, sikufichi.

Mama amekataza usimwandikie tena habari za wodi. Anataka za kufua. Anauliza: theluji ikijaa nje, mashuka yote hayo mnayaanika wapi?

Mjibu upesi, ananisumbua.

Kaka yako,
Leonce