Mwani wa Japani

Khuwair ya Kusini, Maskati
Jumatano, baada ya laasiri

Kwa dada yangu Zuwena, Jambiani,

Inatangazwa kwa jamaa wote, wa Unguja na wa Maskati, wanaotupenda na wanaotuvumilia, kwamba mimi nduguyo Khalfan, mwenye miaka hamsini na tatu na kitambi cha kuwatosha watu wawili, nimeingia bahari ya Japani, kaskazini kabisa, kule ambako ramani inakaribia kwisha. Niliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilidumu humo kiasi cha mtu kusema "yarabi" mara moja. Wanaotaka kunipongeza wasubiri kwanza vidole virudie rangi yake.

Shikamoo dada. Hujambo? Na goti je, linakuruhusu kupanda ngazi au bado unalala chini kwenye mkeka kama mgeni? Sukari umepunguza kwenye chai, au umempunguzia daktari maneno tu? Sisi huku wazima. Joto ni lile lile, ukigusa mlango wa gari mchana unaacha ngozi. Nnashinda mtaa wa Ghala, dukani kwangu, nnauza vipuri vya magari kwa watu ambao kila mmoja anajua gari kunishinda mie.

Utajiuliza kwa nini karatasi na simu ipo. Kwenye simu mie mtu wa maneno mengi, unanijua. Naanza na khabari za harusi, namalizia na paka wa jirani, na lile lililonifanya nipige linabaki tumboni. Karatasi haina mtandao mbovu. Wifi yako Maryam atakuletea mwenyewe, anapanda ndege kesho kutwa, Ijumaa.

Jambo lenyewe ni la mwanao Nassor. Najua kwamba tangu nilipokutumia ule ujumbe wa sauti, nikakwambia nimemfuata mpaka huko na amekataa kurudi na mie, hupokei simu zake. Mwezi wa pili huu. Ananipigia mie: "Mjomba, Mama haumwi?" Namwambia huumwi, una shughuli. Hizo shughuli zako nimezitunga mie, na sasa zimenishinda. Ndiyo maana nnakuandikia.

Basi ngoja nikueleze safari. Wewe ulinambia, "Khalfan, nenda kanichukulie mwanangu, miaka minne sijamtia machoni," na mie nikenda, tiketi ya kwenda na kurudi yangu, na ya kurudia yake, zote mfukoni. Ndege mbili, treni moja, na basi ambalo mwishoni tulibaki mie na dereva tu, naye ananitazama kwenye kioo kama mzigo uliosahauliwa. Nassor, aliyekwenda kule kusomea uhandisi chuoni, alikuwa ametwambia yuko kwenye mafunzo, kiwanda kimoja kando ya bahari, mambo ya uhandisi. Mie nikafunga sanduku la mtu anayekwenda pwani: kanzu mbili, vikoi, makubadhi. Mwezi wa saba, dada! Huku mwezi wa saba tunakwenda baharini jioni angalau tupate pumzi. Nani angenambia kuna pwani ambayo mwezi wa saba watu wanavaa sweta?

Nikashuka. Ukungu. Upepo unaoingia kwenye kanzu na kutokea shingoni. Mchanga hakuna, mawe meusi matupu, ya mviringo, ukikanyaga yanateleza na kugongana kama vikombe. Na yeye pale kituoni kasimama, buti za mpira mpaka magotini, koti la pili mkononi.

"Shikamoo Mjomba. Hukuleta koti?"

"Marahaba. Nimeleta makubadhi."

Akacheka. Kicheko chake unakijua, kile cha kuficha meno. Kakonda, lakini si kukonda kwa ugonjwa. Kakonda kwa kazi.

Nikamuuliza, "Haya, kiwanda kiko wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye mawe. "Ndiyo hiki, Mjomba."

Juu ya mawe yale, safu kwa safu, wameanika mikanda mirefu, myeusi, mipana kama mbao za kitanda, mmoja unampita mtu mrefu. Nikainama nikanusa. Dada, mwani! Mwani, Zuwena! Wa aina yake, mkubwa wa kutisha, lakini mwani. Mama yetu kainama kwenye maji ya Jambiani akifunga mwani kwenye kamba mpaka mgongo ukakataa kunyooka, ili wajukuu zake washike kalamu. Na mie nimesafiri nusu ya dunia kwenda kumkuta mjukuu wake anaanika mwani.

Kanieleza siku ile ile, tumekaa bandani tunakunywa chai isiyo na sukari. Chuo aliacha mwaka wa pili. "Yalinishinda, Mjomba. Si lugha peke yake. Masomo yenyewe yalinishinda." Alikwenda kule likizo kuvuna mwani kama kibarua, na likizo haikwisha. Kiwanja kile ni cha bibi mmoja mjane, mfupi, wa miaka themanini hivi, anayebeba mzigo ambao mie ningeuitia gari. Kampa Nassor chumba juu ya banda.

Asubuhi ya pili jua likatoka, wakaanza kuanika. Mie nani wa kukaa tu? Nikamwambia Nassor, "Mwani usinifundishe. Mie mtoto wa Jambiani." Walipokwenda kwenye chombo kuchukua mzigo mwingine, nikajitolea. Nikafanya kama alivyokuwa akifanya Mama: nikakusanya kwa mikono miwili, nikageuza, nikatifua upepo upite, safu nzima ikawa kichuguu kizuri. Nikasimama pembeni, mikono kiunoni, kama mhandisi.

Kumbe kule, dada, kila mkanda unalazwa peke yake, umenyooka, haugusani na wa jirani. Ukikauka umejikunja hauingii tena kwenye ule mzuri. Bibi akatazama kichuguu. Akanitazama mie. Akainamisha kichwa, akasema neno moja.

"Kasemaje?" nikamuuliza Nassor.

"Kasema ahsante kwa kutusaidia."

"Kweli kasema hivyo?"

"Kweli, Mjomba. Bora angekutukana."

Wakapiga magoti wote wawili wakaanza upya, mmoja mmoja. Nikamtazama mwanao. Anapitisha kiganja juu ya mwani kama mtu anayepiga pasi kanzu ya Idi, kutoka kichwani mpaka mkiani, bila haraka, bila kurudia. Yule bibi hamkagui. Miaka yote aliyokaa kwangu hapa Maskati, kabla ya kwenda Japani, sijawahi kumuona anafanya kitu bila kugeuka kutazama kama nimeridhika.

Adhuhuri ilipoingia, kwa aibu ile ya kichuguu, nikasema angalau udhu nautia mwenyewe. Nikavua makubadhi nikaenda baharini kwa hatua za kiume. Hapo ndipo lilipotokea lile nililolitangaza. Nimepiga ukelele, ndege wakaruka. Nassor anakuja mbio, "Mjomba, maji ya moto yapo bandani!"

"Ungesema mapema!"

"Ulishakimbia!"

Basi, nikakaa siku mbili, ya tatu nikarudi. Yeye akabaki. Kijana ana mambo yake, dada, msamehe.

Msalimie shemeji Haji, mumeo, mwambie redio yake bado naitengeneza, mwaka wa tatu huu, haina haraka. Msalimie shangazi yetu Bi Asha, bado ananiombea ninenepe, mwambie aache, imetosha. Rukia, binti yako, mwambie ule mtandio wake wa kijani umo ndani ya sanduku la Maryam.

Nduguyo,
Khalfan

Barua ilikuwa inaishia hapo. Nimempa Maryam aitie kwenye mkoba, kaifungua akaisoma kasimama, miwani kwenye pua.

"Khalfan, umeandika yote haya kuhusu miguu yako. Begi liko wapi?"

"Begi gani?"

"Usinitie wazimu. Lile la Nassor ulilonisimulia. Liandike. Au nikifika Jambiani nitamwambia mwenyewe, na mie sijui kukupamba."

Basi nnaandika.

Nassor hakukataa, dada. Siku ile ya kwanza, chai haijapoa, kanambia, "Mjomba, nipeleke nyumbani." Alikuwa ananingoja. Siku ya tatu asubuhi katoka na begi lake, kitanda kakikunja, kamuaga yule bibi. Tumekwenda kituoni pamoja, tumekaa kwenye benchi, ukungu umetufunika. Akanambia, "Nitamwambiaje Mama?" Nikamwambia mwambie kweli, Mama yako hali mtu.

Nilikuwa nimesema vizuri. Ningenyamaza pale.

Lakini nikaanza kufikiria huku Maskati. Mie ndiye niliyewatangazia watu, dada. Dukani, msikitini, kwenye maziko ya watu, popote penye masikio mawili: mpwa wangu mhandisi, Japani. Wateja wangu wanamjua kwa jina na hawajamuona. Nikawaona wanakuja nyumbani kumpokea, wamekaa barazani wanakula halwa, mmoja anauliza, "Enhe, mhandisi, unatengeneza nini kule?" Na yeye, unamjua hawezi kusema uongo, anasema: "Naanika mwani." Nikajiona mie pale nimeshika buli la kahawa.

Nikamwambia, "Nassor, ngoja kwanza. Rudi ukiwa na kitu mkononi. Mama yako hataki kukuona hivi."

Akanigeukia. "Mama kasema hivyo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hukusema hivyo, dada. Ulisema nikuletee mwanao. Hukuniuliza cheti hata mara moja.

Basi likaja. Akanyanyua sanduku langu akaliingiza ndani, akashuka, akasimama chini na begi lake begani. Hakuniuliza tena. Kanambia, "Mfikishie salamu, Mjomba. Mwambie nimesikia." Nilipofika uwanja wa ndege wa Tokyo nikakutumia ule ujumbe, kwamba amekataa. Nikasema moyoni, nikikwambia wewe kwamba yeye hakutaka, na yeye anaamini hukutaka, hakuna atakayemuuliza mwenzake. Na kweli hamkuulizana. Wewe huko hupokei simu, yeye kule anaona ndiyo hasira aliyoambiwa.

Jana nimempigia nikamwambia kila kitu, kama nilivyokuandikia hapa. Nikangoja anitukane, ingekuwa haki yake. Akauliza kimoja tu: "Kwa hiyo Mama alikuwa ananingoja?"

Nimemwambia akupigie Jumamosi, saa nne ya asubuhi yenu, Maryam atakuwa ameshafika na barua hii utakuwa umeisoma. Mie nikasirikie utakavyo, hata mwaka mzima usinijibu sitakulaumu. Yeye mpokelee.

Ndugu yako,
Khalfan