Karatasi Tupu Zenye Mhuri

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimesemwa kwenye ubao wa matangazo. Si jina langu, ni kazi yangu. Nilikuwa napita maktaba na kikombe cha chai mkononi, nikaona watu wamejazana ubaoni. Nikajua matokeo yametoka. Kumbe ni tangazo la klabu ya midahalo, limeandikwa kwa kalamu nene: MAKARANI KUMI NA MMOJA, MKUTUBI MMOJA! NJOO TUJADILI: CHUO KIPUNGUZE MAKARANI. Ijumaa wiki ijayo, ukumbi mdogo, saa kumi jioni.

Nimehesabu. Ni kweli tuko kumi na mmoja, ukimtia na yule aliye likizo ya uzazi. Lakini hata ukweli una adabu yake.

Kilichoniuma zaidi – chini yake kuna mhuri. Mhuri wa dawati la matangazo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Dawati hilo ni mimi. Hakuna karatasi inayobandikwa chuo hiki bila kupita kwangu, na hiyo haikupita.

Mkuu wangu, huyo mshauri wa wanafunzi, alikuja mwenyewe akaibandua. Akaniuliza kama niliiruhusu. Nikasema ndiyo kwanza naiona. Akasema basi mhuri umeghushiwa, na aliyeghushi atajuta. Nilifurahi. Niseme tu, humu hakuna anayesoma. Nikarudi kwenye chai yangu, imeshapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Mwandishi wa tangazo kapatikana, tena hakujificha. Ni binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wenzake wanamwita Miwani. Hata walimu.

Mkuu alimsimamisha mbele ya meza, mimi nikiwa kwenye dawati langu pembeni. Akamwambia kughushi mhuri ni kusimamishwa masomo mwaka mzima. Binti kabakiza miezi mitatu amalize! Akajibu kwa upole kwamba hakughushi kitu. Karatasi aliiokota klabuni, tupu, mhuri umeshapigwa. Huwa zinapitishwa chini ya mlango, wao hawajui na nani.

Mkuu akacheka. Akanigeukia, akauliza kama ofisi hii inagawa karatasi tupu zenye mhuri.

Nikalitazama tangazo. Mhuri wangu uliniponyoka kwenye ngazi mwaka jana, ukamegeka ukingoni. Na duara lile lilikuwa limekatika pale pale.

Ni mimi. Kila Ijumaa mchana, klabu ninazoziamini nazipitishia karatasi kadhaa chini ya mlango, mhuri tayari, ili Jumatatu wasinijazie foleni. Kwaya. Watu wa mpira wa mikono. Na klabu ya midahalo – ambao mada zao siku zote ni mwalimu na daktari nani bora. Nani angewahofia hao?

Nilisema sijui.

Miwani alinitazama kidogo, kisha akaangalia chini. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Machi

Kamati ya nidhamu itakaa Jumatano ijayo. Barua imepigwa chapa na nani? Na mimi.

Nimemsimulia baba watoto. Alikuwa anashona soli ya kiatu cha mteja, sindano mdomoni, nikadhani hasikii. Akaitoa sindano akauliza: hasira yako ni ya mhuri au ya maneno? Nikasema ya mhuri. Akaendelea kushona. Nikasema, basi, ya maneno. Miaka tisa naamka alfajiri, halafu mtoto wa watu aniandikie ubaoni kwamba nimezidi!

Akasema, "Mama watoto, mbona mimi wateja wananiambia kila siku kwamba viatu vya dukani ni bora? Nawajibu. Siwafungii mlango."

Nilimwambia ashone viatu. Lakini sikulala vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Leo sikumpitishia mtu karatasi.

Nilitaka nione kanuni inasemaje, labda ina huruma kidogo. Nikashusha majalada ya juu kabatini, vumbi tupu, nikapiga chafya mpaka jirani akanipa pole kupitia ukutani. Nikapata waraka ulioanzisha mhuri. Ukurasa mmoja tu. Unasema mhuri ni wa tarehe, ili mfagizi ajue tangazo limekaa siku kumi na nne alitoe, lipishe lingine. Halafu mstari wa mwisho: ofisi haitapima maudhui ya tangazo lolote.

Nimeusoma mara tatu nimesimama.

Miaka tisa! Nimekataa tangazo la vyoo vya hosteli. Nimekataa la mhadhiri asiyeingia darasani, nikasema linachafua jina la chuo. Nimekataa usiku wa mashairi kwa sababu tu sikupenda ile picha. Wengine sikuwakatalia, niliwaambia njoo kesho, wakija nawaambia njoo Jumatatu, mpaka tukio likawapita. Hakuna aliyenituma. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisoma kila karatasi, na mimi nikasoma. Nilijiona mchapakazi kweli kweli.

Nilimpelekea mkuu waraka, na ile habari ya chini ya mlango nikamweleza yote. Hakufoka. Alifunga mlango, akanisogezea kiti. Akasema waraka ni wa zamani, siku hizi wakubwa hawataki makelele. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Dada yangu, yule akisimamishwa mwaka mmoja, atarudi. Wewe ukitoka hapa, hurudi."

Si mtu mbaya. Alinichangia nilipofiwa na mama, alikuja mpaka nyumbani. Ndiyo maana neno lake limenikaa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika maelezo. Nimeyachana. Nimeandika tena, mafupi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nimepiga pasi gauni la kijani.

Jumatatu, 11 Machi

Maelezo yangu yako kwa katibu wa kamati. Mkuu alipopata nakala alinyoosha tu mkono. Nikampa mhuri. Kaufungia kwenye droo yake.

Kufikia saa nne foleni imehamia mlangoni kwake. Anasoma mwenyewe: kofia iliyopotea, mazoezi ya kwaya, anayeuza jiko. Mmoja kamuuliza, mzee, na hili la paka wangu nalo ni la kufikiriwa? Nilijifanya natafuta klipu chini ya meza.

Dawati langu halina kazi. Nimekaa tu, mikono mapajani. Inatisha kidogo, maana hivi ndivyo yule binti anavyotuona.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kamati. Tumetolewa ili wajadiliane.

Niliingia nikiwa na maneno mengi, nikayasahau yote. Nilisema: mhuri ni wa kweli, niliupiga mimi, kwenye karatasi tupu, binti hakughushi. Na Jumanne niliposema sijui, nilikuwa najua. Mkuu alikuwa anaangalia dirisha. Nikawapa waraka, ukapita mkono kwa mkono mezani.

Mwalimu wa sheria, mama mwenye sauti ndogo, akaniuliza swali moja. Kama tangazo hilo lingeletwa dawatini kwangu limeshaandikwa, ningelipiga mhuri?

Ningeweza kusema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema hapana. Nisingelipiga. Ningemwambia njoo kesho, na kesho ningemwambia njoo keshokutwa, kwa sababu lilinisema mimi. Nikasema lilimpita mtu kama mimi kwa bahati tu. Mwenyekiti akavua saa yake, akaivaa tena.

Sasa Miwani kakaa upande ule wa benchi, mimi huku, mkoba wangu katikati. Nimemwomba radhi kwa ile Jumanne. Akasema, "Yameisha, mama." Kisha akasema lakini bado anaamini makarani ni wengi mno. Nikamwambia na mimi bado naamini hana adabu. Tukacheka, chini chini, maana mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi.

Anasema mdahalo ukiruhusiwa keshokutwa, upande wa kupinga hauna msemaji. Wote wanaona haya kuwatetea makarani. Akaniangalia. Nikamwambia, wewe, mimi sijawahi kusimama mbele za watu hata harusini kwangu. Akasema dakika tano tu. Akasema atanipinga vikali, nisije nikadhani kwa sababu ya leo atanihurumia.

Mtoto huyu!

Nimefungua ukurasa wa nyuma. Hoja ya kwanza: mkutubi mmoja ni aibu, nakubali, lakini hayo hayakuamuliwa na karani. Hoja ya pili –

Mlango umefunguliwa. Katibu anasema niingie, mimi peke yangu. Miwani kakazana kuniuliza hoja ya pili ni ipi. Namwambia asubiri Ijumaa kama wengine –