Rivolva ya Babu Yako Ilitengenezwa 1898

Baba Opal,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Opal ninaye, tumekwenda kliniki.

Asubuhi barua ya kiwandani imefika. Ile 1889 kwenye mtutu, mjuaji wangu, ni mwaka waliposajili uvumbuzi tu! Kwa namba iliyo chini ya mpini, fremu, kiunzi chenyewe cha bastola, ilitengenezwa 1898, ingawa iliuzwa 1901. Nimempigia wakili. Anasema sheria ya hapa inaangalia fremu, na mwaka wa mwisho wa silaha kuhesabiwa ya kale ni huohuo 1898. Basi ni kitu cha kale, na hata aliyewahi kufungwa anaruhusiwa kukaa nacho. Hakuna wa kukurudisha jela.

~~Usiiguse mpaka nirudi.~~ Iguse, ni ya babu yako.

Halafu kachukue nguo zako kwa kaka yako, huna haja tena ya kuikimbia bastola. Wiki mbili kitanda kimekuwa kipana mno.

Mama Opal