Mfereji Uliogoma Kusogea

Shoga, nimeumbuka! Kesho naingiaje ofisini?

Nilikuwa naonyesha kwenye projekta ile ramani ya mifereji ya mchanga chini ya bahari, tuliyoipima kwa mawimbi ya sauti kutoka melini. Bosi akanikatiza: "Huu mfereji uliojipinda hapa mbona hujauwekea alama?"

Nami kwa woga: "Nimeuona bosi, nauhakiki kwanza." NAUHAKIKI!

Naye akatamba: "Mimi niliuona tangu mwaka jana. Meli irudi kuupima."

Nikasogeza ramani kwenye kompyuta. Mfereji ukabaki palepale.

Nikasogeza tena. Palepale!

Unywele, shoga. Unywele mwekundu umenasa kwenye kioo cha projekta!

Bosi akakohoa. "Nani alifuta kioo hiki asubuhi?"

Na ofisi nzima, aliyesuka nywele nyekundu ni mimi peke yangu.