Feza ya Neema na tanuru ya Mama Sifa

Jumatatu, tarehe 4
Profesa amekubali! Neema wangu ataandika mémoire, kazi yake ya mwisho ya université, juu ya feza. Mi niliishia mwaka wa sita wa shule ya primaire, lakini nimezaa kichwa. Muji wetu muzima wa Baraka ujue. Ametoka Bukavu na chupa ya maji ya manjano. Ndani iko feza ile ya pete, imekuwa chembe ndogo sana, jicho haliione. Anapima namna rangi yake inageuka kufuatana na kitu inachokalia. Sasa anahitaji kuchoma vigae vya kupakia feza hiyo. Tanuru iko kwa bamama bafinyanzi, na mukubwa wao ni wifi yangu, Mama Sifa. Roho mbaya.

Jumatano, tarehe 6
Nimeenda mwenyewe na chupa. Sikungojea Neema. Nikaambia bamama: mutaona, kigae kitangaa manjano sawa dhahabu. Nikapaka kigae chao kimoja. Kikakauka. Kahawia, sawa chai ya jana. Kwetu chungu chenye rangi isiyotazamiwa tunakivunja, maana fundi amedanganya. Mama Sifa akakivunja mbele yangu. "Mutoto wako anauza maji ya rangi. Kwa tanuru yangu asikanyage." Bakacheka. Namuchukia.

Alhamisi, tarehe 7
Neema hajakula. Bila tanuru, hakuna mémoire. Mwaka umepotea.
Ametia tone kwa kioo cha dirisha: manjano. Tone kwa kigae: kahawia. Chupa ile ile.
"Mama, feza ni moja. Udongo ndio unabadilisha namna inashika mwanga. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, na wewe umewaahidi bamama kinyume."
Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Ijumaa, tarehe 8
Mama Sifa kwa bomba, mbele ya batu: "Siku hizi hata kinyonga anasoma université." Nilishika beseni kwa nguvu nisimurushie. Mwanamuke yule, hata salamu yake inauma.

Jumapili, tarehe 10
Baada ya ibada nilienda kwa Mama Sifa. Hakunipa kiti. Nikasema nikiwa nimesimama: ahadi ya manjano ni yangu, mutoto hakuisema; yeye anasema kwa kioo ni manjano, kwa udongo ni kahawia. Yeye akaendelea kusugua chungu. Akasema:
"Nitaleta udongo wangu mwenyewe, wa kule kijiji cha Lweba. Na kioo changu. Chupa, Neema aifungue mbele yetu. Kisha nitasema kama tanuru atapewa ama hapana."
Sijamusamehe. Yeye pia bado.
Neema anapangusa vioo, kimoja kimoja. Leo amekula kidogo. Bamama wote wa tanuru watakuja kuona Jumamosi.