Shamba ya Ng'ambo ya Muto

Mwanangu Nabintu,

Naandika na mukono yangu mwenyewe. Wazee wengine hapa Kadutu wanaomba wajukuu wawaandikie. Mimi hapana. Masomo nilipata kidogo, lakini mukono ya mulimaji inajua kupanga musitari.

Unakumbuka vile ulileta ordinateri, kompyuta ya bureau yako, nyumbani, umeibeba ku kichwa ndani ya kitenge, sababu askari walikuwa wanaiba kila kitu? Vita ilitufungia ndani, ukanionyesha ule muchezo wa kujenga muji. Mashamba yote uliyabananisha kando ya barabara, karibu na nyumba za watu. Nikakuuliza: "Nani alikufundisha kulima hivyo? Achanisha. Kila nyumba ndani ya migomba yake, kama kwetu Mumosho."

"Papa, hapa haiko Mumosho. Shamba ikikuwa mbali na watu, haipate walimaji. Inabakia udongo tu."

"Mimi nililima mbele ya mama yako kuzaliwa."

Ulicheka mpaka machozi. Ukaniwekea shamba moja mbali kabisa, ng'ambo ya muto, bila barabara. Kweli, haikuota kitu. Ukasema: "Hii ni ya papa mukaidi. Tuiache pale." Lakini nafasi ilikuwa nzuri, na leo nasema vilevile.

Kisha maharagwe yakakosekana sokoni, ukashuka Mumosho kuvuna yetu. Pa mulango ulisema: "Papa, usionje maharagwe mapya kabla sijaleta." Ni desturi yetu: aliyelima analeta mwenyewe, papa anaonja wa kwanza. Wamama ulioenda nao walirudi bila wewe. Wanasema masasi ya bunduki ililia karibu na muto Ruzizi, kila mutu akakimbia upande wake.

Dada yako Mwamini anataka tuombe misa ya wafu. Tena anataka kubomoa ile shamba, ati inakula nafasi bure. Nimekatala yote mbili.

Sasa sikiliza. Umeme yetu inatoka kule kule Ruzizi, upande wako. Ikirudi, Mwamini anafungua muchezo, mimi naangalia. Nabintu, ile shamba imeota. Hakuna mutu aliigusa. Ilianza kijani, sasa iko manjano. Mwamini akafinya pale pa kuuliza walimaji, ordinateri ikajibu hakuna. Akatoa mukono mbio kama aligusa sufuria ya moto.

"Papa, nani analima pale?"

"Si nilisema nafasi iko nzuri?" Nilijibu hivyo. Lakini nilisogeza kiti yangu karibu.

Jana kamutu kadogo kalitoka pale, kanasukuma torori ya mavuno. Barabara hakuna, kalipita juu ya maji. Wabebaji wengine wanaingia ku ghala na kurudi. Haka kamesimama inje ya mulango, kanatazama huku kwetu. Umeme ikakatika. Leo asubuhi imerudi, na kamutu kangali pale.

Wajirani wamekwisha kula maharagwe mapya. Wananiletea sahani, nairudisha imejaa. Mwamini analia, anasema nitakufa njaa sababu ya kichwa nguvu. Alie tu. Nikionja, ni kusema hautaleta, na mimi sisemi vile.

Kama unakuja, kuja vile uko. Hata kama miguu yako haisikike, gonga. Kufuli nimeitoa ku mulango.

Nakungoja na kinywa kikavu,

Papa yako, yule mukaidi